Muhuri wa Karani wa Maziko

Karani wa daftari la maziko, katika hospitali ya wagonjwa wa akili Mahajanga, hakuwa mtu wa haraka. Majina aliyafuata kwa kidole kilichopinda, midomo ikichezacheza bila sauti. Kila cheti alikipiga muhuri chini kabisa, pembeni, akaupuliza wino kama anayepoza uji wa mtoto. Muhuri ukigusa herufi hata moja, karatasi aliichana akaanza upya. Hadjira, aliyetoka Dzamandzar kumtafuta bibi yake, alishamwona akichana mbili asubuhi ile. Kidole kikasimama. "Halimati binti Soilihi. Amezikwa tarehe tisa Machi, 1979." Tanzia ya bibi ilifika kwao mwaka 1961. Hitima wakaisoma, nguo zake wakazigawa. "Baba, sisi tulimsomea hitima 1961. Miaka yote hiyo alikuwa hai hapa?" "Alikuwa hai, mwanangu." "Anayesubiri cheti hiki ni mama yangu. Ndiye aliyezigawa nguo za marehemu." Karani alichukua cheti kipya. Aliandika polepole: jina, siku, mwezi, mwaka. Kisha akainua muhuri, akaulenga vizuri, akaugandamiza juu ya mwaka mpaka tarakimu zikamezwa. Akaupuliza wino, akampa.