Sokwe Alinikuta Nimelala

Kwa miaka mingi niliwaongoza wageni mbugani kule Sitalike, na mnyama wangu alikuwa kiboko. Kiboko hana shida. Unamkuta palepale ulipomwacha jana. Kwa hiyo siku mama mmoja wa Dodoma, nesi mstaafu aliyeanza kupiga picha uzeeni, aliponipigia akitaka nimpeleke kwa sokwe wa misitu ya milimani, nilipaswa kukiri kwamba sijawahi kumwona hata mmoja.

“Sokwe?” nikamwambia. “Hao majirani zangu, mama.”

Naishi Makanyagio, mjini kabisa. Majirani zangu ni fundi cherehani na muuza mkaa.

Tulipita Kasekese, tukafika kijiji kilicho chini ya msitu. Hapo tulimchukua baba wa makamo, mtu aliyezoea kufuata nyayo za sokwe. Alivitazama viatu vyangu vipya, akatangulia.

Kwenye mlima wa kwanza tu pumzi iliniishia, lakini maneno hayakuisha. Nikaonyesha juu ya mti. “Mama, kile pale ni kitanda cha sokwe.”

“Kile cha mwewe, kaka,” akasema yule baba taratibu.

Siku mbili tulipanda na kushuka, tukaambulia mavi na maganda ya matunda. Mama wa watu, na magoti yake mabovu, hakulalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yetu sote. Siku ya tatu yule baba akatukalisha karibu na mkuyu uliojaa matunda. “Nyie kaeni hapa. Tusiongee,” akasema, akiniangalia mimi.

Nikaegemea gogo, nikafumba macho ili nisikilize vizuri.

Nilishtuliwa na tunda lililonidondokea kifuani. Nilipofumbua macho, hatua chache mbele yangu alikuwa amekaa sokwe jike, mtoto mgongoni, akinitazama kama mtu anayemtazama mlevi kando ya barabara. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima kuhusu sokwe. Sikukumbuka hata neno moja. Machozi yakanitoka, na sikuthubutu kuyafuta. Yule mtoto akachungulia begani kwa mama yake, akanitazama naye. Kisha wakaondoka, bila haraka, wakapotea majanini.

Pembeni yangu kamera ilikuwa bado inalia ch-ch-ch.

“Mama,” nikasema sauti iliporudi, “nisamehe. Na mimi ndiyo mara yangu ya kwanza.”

“Nilijua tangu kitanda cha mwewe,” akajibu, macho kwenye kamera. “Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote, mwanangu. Mtu anayejifanya namjua akiwa bado mlangoni.”

Akanionyesha picha. Sokwe katulia kama malkia, na pembeni yake mimi, mdomo wazi, udenda unang’aa. Picha kali kuliko zote, alisema, na hakukubali kunikata. Alinitumia nakala kubwa. Mke wangu akaitundika sebuleni, na kila mgeni akiingia anamwuliza, “Haya, sokwe ni yupi?”

Mwezi uliofuata nilirudi kwa yule baba, peke yangu, nikamwomba anifundishe kazi. Akakubali kwa sharti moja: siku ya kwanza, tangu asubuhi mpaka jioni, nisiseme neno.

Nilishindwa kabla ya saa nne.