Matanga ya Lugembe, Naye Yu Hai

Miaka ile ya Ujamaa, mtaa mzima wa Chemchem, Tabora, ulijua kwamba Lugembe, fundi wa vitanda vya kamba, ni mlevi, na mwenyewe alifurahi ijulikane hivyo. Mlevi ana heshima yake. Watu humcheka, humtoa mtaroni, humrudisha kwa mkewe. Mwenye wazimu je? Huyo watoto humrushia mawe, na kitanda alichokisuka hakuna wa kukilalia. Basi Lugembe alikunywa gongo yake peupe, na jambo lake jingine akalificha kama mtu anayeficha mbuzi wa wizi: kwa taabu, maana mbuzi hulia.

Lile jingine lilikuwa sauti. Kaka yake, aliyefia Usoke msimu wa tumbaku, alikuwa akimwita. "Lugembe! Lugembe!" Alimwita akipiga randa, alimwita akila. Akinywa, sauti ilinyamaza. Asubuhi ilirudi, na safari hii ina hasira.

Kutibiwa alikwenda, lakini alijitibu nusu nusu. Kwenye zahanati alimweleza tabibu Saidi habari za pombe tu. Saidi akamkataza kwa upole wote wa serikali, akamhimiza asikilize vipindi vya Mtu ni Afya redioni, na Lugembe akaacha kweli. Sauti ilipoona uwanja mtupu ikaanza kuita tangu alfajiri, naye akarudi kwenye gongo mbio. Kwa mganga wa Kigwa akasema habari za sauti tu. Mganga akaamuru mizimu imwagiwe pombe ya mtama. Mizimu ya kwao ilikuwa na kiasi. Ilionja tu, mtungi ikamwachia yeye. Alirudi Tabora kwa treni amelala chini ya benchi, katibiwa sawasawa.

Mkewe, Sikuzani, alichoka. Alimpenda, na ndiyo maana alichoka.

"Baba Shilinde," alimwambia, "mavuno yakiisha nawe uko hivi, mimi narudi kwetu Urambo."

Lugembe alijua hatanii, maana hakufoka. Alitaka kumweleza yote, mdomo ukagoma. Aliona afadhali aachwe kwa ulevi kuliko kuogopwa kwa wazimu.

Sikuzani akaenda zahanati.

"Shikamoo, tabibu."

"Marahaba, mama."

"Mume wangu umemtibu kitabibu mpaka basi, na hatujafika popote. Wewe si Mzaramo?"

"Mzaramo mimi."

"Na yeye Mnyamwezi. Sasa unangoja nini?"

Tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishusha mizigo pwani, makabila hayo mawili ni watani. Mtani hukutukana, huchukua kuku wako, na ukifa huja kujilaza mahali pako na kukuigiza mpaka wafiwa wacheke, wala hashitakiwi. Saidi aliona haya kwamba koti jeupe lilimsahaulisha haki yake.

Jumamosi asubuhi aliingia uani kwa Lugembe bila hodi, akajilaza juu ya kitanda kipya, akajifunika shuka gubigubi.

"Lugembe amekufa!" alipiga kelele humo ndani. "Wanyamwezi wee, leteni kuku wangu wa matanga!"

Majirani wakajaa. Balozi wa nyumba kumi alikuja mbio kuuliza mbona msiba haukuripotiwa kwake. Alipoambiwa ni utani, akatafuta kigoda akakaa. Maiti ikainuka, ikapepesuka, ikaimba kilevi, ikaanguka tena. Lugembe alicheka akishika mbavu, na ilikuwa siku nyingi hajacheka.

"Marehemu kauawa na nini?" jirani mmoja aliuliza.

"Gongo!" ilijibu maiti. "Uchu tu! Mnyamwezi huyu hakuwa na kingine kichwani."

Hapo Lugembe akakereka. Fundi hawezi kutazama kazi ikiharibiwa mbele yake.

"Mwongo! Mzaramo wewe, hata kufa hujui! Marehemu hakunywa kwa uchu. Marehemu alikuwa anaitwa."

"Anaitwa na nani?"

"Na kaka yake. Kila siku. Alikunywa ili asimsikie."

Kicheko kikakatika. Lugembe aligundua alichokisema, akainamisha kichwa. Katika watu wote pale Lugembe alimwogopa Sikuzani tu, na Sikuzani alikuwa akilia. Maiti nayo ilikuwa imeketi, shuka mabegani, imegeuka tabibu.

"Mtani wangu," alisema Saidi taratibu, "una magonjwa mawili na yanabebana. Ukifukuza mmoja, uliobaki unakwenda kumwita mwenzake. Tutayatoa pamoja."

Wakafanya hivyo. Daktari wa hospitali alitoa vidonge vya kutuliza sauti, Saidi akasimamia habari ya gongo, na mganga wa Kigwa, baada ya mabishano marefu, akakubali kwamba mizimu ya siku hizi inaweza kunywa togwa isiyolevya. Kuku wake wa matanga Saidi alimchukua, utani ni utani. Haikuwa kazi ya kucheka. Lugembe alitetemeka, alitukana watu, na kuna siku aliteleza akarudi nyumbani analia. Mavuno yalikwisha, Sikuzani akabaki.

Siku moja Lugembe alikuwa akivuta kamba ya kitanda, mkono ukasimama.

"Mama Shilinde," alisema, "ananiita."

Sikuzani aliweka chini ungo wa mchele, akasogea mpaka magoti yao yakagusana.

"Na mimi nakuita," alisema. "Baba Shilinde!"

Lugembe aliiacha kamba, akamgeukia.

"Naam," akaitika.