Kichaka cha Vibuyu

Karanga zikiungua kidogo kikaangoni, mimi hurudi Kiabakari, kwenye kijito kilichopita chini ya nyumba ya bibi. Hapo penye unyevunyevu kiliota kichaka kirefu kuliko mimi, chenye maua ya manjano yaliyosimama wima, na juu yake matumba meusi kama masizi. Ukifikicha majani yake, harufu ni hiyohiyo ya karanga. Tulikiita kichaka cha vibuyu, na kama hukijui, ngoja nikueleze.

Bibi alikata vijiti vyake, akavikausha, akachoma kimoja mpaka kikawa kaa, akakitumbukiza kibuyuni na kusugua kuta za ndani. Kisha alikung'uta vumbi jeusi. Maziwa yakiwekwa humo hukaa muda mrefu, tena huwa matamu.

Lakini vibuyu ninavyovikumbuka mimi vilikuwa vitupu. Ugonjwa ulikuwa umewamaliza ng'ombe wetu wote, zizi limeota majani, na bibi bado alisugua. Nilidhani ni uzee.

Asubuhi moja baba mdogo alishuka kijitoni na panga, afyeke alime nyanya. Bibi akamfuata, akaketi kwenye shina la kichaka, kanga ikalowa matope.

"Mama, unalinda maua?"

"Nalinda vibuyu."

"Unavisuguaga vya nini? Ng'ombe wako wapi?"

"Siku ukiwaleta, utanikamulia kwenye ndoo ya plastiki?"

Baba mdogo alicheka, lakini panga hakulinyanyua. Alilima kukizunguka kichaka, akinung'unika kwamba kinamnyima matuta.

Nyanya zilimkubali. Misimu ikapita, bibi akaugua, kazi ya kusugua akaniachia mimi. Nilimpelekea kibuyu kitandani, akakinusa akiwa amefumba macho.

"Sugua tena, mjukuu wangu. Chini hujafika."

Tulimzika kabla ya mvua.

Mvua zilipokatika, baba mdogo alirudi kutoka mnadani na mtamba mwenye mimba. Mtamba alipozaa, mama yangu alitungua kibuyu ukutani. Hakikuwa na ufa wala kuvu. Baba mdogo alikuwa wa kwanza kunywa maziwa yaliyowekwa humo, kisha akashuka kijitoni. Nilimkuta amesimama mbele ya kichaka, kofia mkononi.

Nilifikiri anatazama maua. Sasa nina nyumba na watoto wangu, ndipo naelewa. Bibi alijua kuliko sisi sote kwamba ng'ombe hawapo. Hakutaka tu, siku wakirudi, watukute hatuna pa kupokelea maziwa.