Cheti Juu ya Friji

Friji ya akina Haskett ilikuwa na mnyororo. Ni ule mnyororo wa kufungia mbwa, umezungushwa kiunoni mwa friji na kubanwa kwa kufuli la shaba, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Bi Haskett pamoja na msalaba wake. Juu ya friji hiyo, ndani ya fremu ya kioo iliyofutwa vumbi kila Jumamosi, kilitundikwa cheti cha jimbo, kikisema kwamba nyumba hii imekaguliwa na inafaa kulea watoto waliotengwa na wazazi wao.

Twyla Dragovich, mmoja wa watoto hao, alikuwa na miaka minane. Alijifunza kusoma maneno marefu kwa cheti hicho, kwa sababu jikoni hapakuwa na kingine cha kusoma, na jikoni ndiko alikopenda kusimama, akiisikiliza friji inavyonguruma na vitu vyake ndani. Siku ya mkaguzi mnyororo ulipelekwa gereji, watoto wakavishwa soksi safi, na Bi Haskett akakata keki ya limau. Mkaguzi alikula, akaongezewa, akala tena. Twyla alisimama mlangoni akimtazama anavyotafuna. Chuki aliyoipata siku ile hajaitua mpaka leo.

Alipofika umri wa kuachiliwa alitoka na nguo zake ndani ya mfuko mweusi wa takataka, kama alivyoingia. Huko nje hakumlilia mtu. Alianza kuokota samani zilizotupwa barabarani, akazikwangua rangi, akazipeleka gulio la Jumapili kwenye uwanja wa maonyesho wa Brannock, mji uliobaki na mabomba marefu ya viwanda vya chuma na watu wachache wa kuyatazama. Alijifunza kutotaja bei wa kwanza. Alijifunza kumtazama mteja viatu kabla ya uso. Baada ya miaka alikuwa na pikapu mbili na ghala, na wenye maduka ya vitu vya kale kutoka Pittsburgh walikuwa wakimpigia simu wao.

Kisha akainunua mnadani nyumba ya zamani ya mchungaji wa Kilutheri, jumba la matofali ambalo hakuna aliyelitaka kwa sababu lilikula gesi ya kupashia joto kama gari moshi. Watu walidhani atapangisha. Yeye akaomba cheti cha kulea wasichana. Walisema amelainika. Hakulainika hata kidogo. Hoja yake ilikuwa kavu: kama cheti hiki walipewa akina Haskett, basi na yeye atakichukua.

Na alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Msichana akiletwa, kabla ya kuonyeshwa kitanda, anapelekwa kwenye kabati la makopo: makopo ya biskuti za Krismasi, ya bati, ya kila picha, aliyoyakusanya gulioni. Anachagua lake. Linajazwa biskuti za chumvi, chupa ndogo ya siagi ya karanga na zabibu kavu, linawekwa chini ya kitanda chake. Likipungua linajazwa, haulizwi. Hakuna mkono mwingine unaoligusa, hata wa kufagia. Delphine, mpishi, mwanzoni alinuna na kutabiri panya. Panya hawakuja, maana makopo yana vifuniko. Kilichokuja ni kwamba wizi wa jikoni uliisha, na mkate haukuokotwa tena ndani ya foronya za mito. Kopo likianza kushika vumbi, Twyla anajua kwamba mtoto sasa anakaa hapo, hajapitia tu.

La Maribeth halikuwa na vumbi. Alikuwa na miaka tisa, na mdogo wake Corrie alikuwa na minne, na waliletwa pamoja kabla tu ya Sikukuu ya Shukrani ya Novemba, ile ya kula bata mzinga. Kopo lake lilikuwa na picha ya farasi wakivuta sileji, lile gari la kuteleza thelujini. Alilifungua kabla ya kula na baada ya kula, akatazama, akafunga. Twyla alikuwa amemwambia, "Hilo hakuna atakayeligusa. Nimesema mimi."

Mkaguzi safari hii aliitwa Alden Pruitt, mtu mrefu mwenye koo jembamba, aliyeendesha gari kutoka makao makuu ya jimbo na kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mwaka jana, theluji ilipoyeyuka, aliyaona makopo akaandika onyo. Sasa alipanda juu, akainama, akashuka jikoni na kopo la farasi, amelishika mbali na tai yake kama aliyemshika panya mkiani. Akaliweka mezani alipige picha.

"Bi Dragovich, tulizungumza kuhusu hili."

"Wewe ulizungumza. Mimi nilikumiminia kahawa."

"Kanuni inasema chakula hakiwekwi chumba cha kulala."

"Kwa nini?"

"Panya. Mende."

"Umemwona panya?"

"Si lazima nimwone."

"Basi na mimi si lazima nimfukuze."

Delphine, aliyekuwa akikoroga sufuria ya maharage, alipatwa na kikohozi cha ghafla.

Pruitt hakucheka. Alisema kosa ni lile lile, limerudiwa, na kosa lililorudiwa halimruhusu kuweka sahihi. Cheti kinakwisha Ijumaa. Bila cheti, kaunti italazimika kuwahamisha wasichana wote.

"Kuwapeleka wapi?"

"Walio wakubwa, kituo cha makao makuu. Kina nafasi, na ukaguzi wao hauna dosari."

"Na Corrie?"

Pruitt alifunua karatasi, ingawa jibu alikuwa nalo. "Pale hawapokei walio chini ya miaka sita. Yeye atatafutiwa familia."

"Kwa hiyo unawatenganisha ndugu kwa ajili ya biskuti."

"Mimi sitenganishi mtu, mama. Kaunti ndiyo inayopanga."

"Ndiyo," Twyla alisema. "Bi Haskett naye hakufunga friji. Kufuli ndilo lililofunga."

Pruitt akauliza Bi Haskett ni nani. Twyla akamwambia, bila kupandisha sauti, kwa mwendo ule ule anaoutumia kumwambia mteja kwamba meza hii mguu wake umeungwa. Alimwambia habari za mnyororo, za gereji, za soksi. "Keki ilikuwa ya limau. Mwenzako aliandika kwamba jiko ni safi. Na kweli lilikuwa safi, Bwana Pruitt. Panya gani atakwenda mahali pasipo na chembe?"

"Nasikitika kwa yaliyokupata."

"Sijakuomba masikitiko. Nakuuliza nani alikuwa na cheti."

Hapo ndipo Maribeth aliingia kutafuta maji. Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya theluji. Aliliona kopo lake mezani, mbele ya mwanamume mwenye kalamu. Aligeuka akaondoka, na wakasikia kabati la mifagio likifunguliwa, kisha mlio wa plastiki ikichanwa kutoka kwenye bunda lake.

Twyla aliujua mlio ule. Alipanda ngazi, Pruitt nyuma yake na soksi zake.

Maribeth alikuwa ameshamvalisha Corrie koti juu ya nguo za kulalia. Sasa alikuwa akitia nguo ndani ya mfuko mweusi, za mdogo wake kwanza, akizikunja haraka na vizuri, kama mtu mzima aliyezoea kazi. Kila msichana wa nyumba ile alinunuliwa sanduku la magurudumu siku ya kwanza. Lake lilikuwa pale pale, kando ya kitanda.

"Sanduku unalo, mwanangu," Twyla alisema.

"Sanduku ni la hapa."

Pruitt akachuchumaa. "Sikiliza, hakuna anayeondoka leo."

"Umeshachukua kopo," Maribeth akamjibu, na kuendelea kukunja.

Hasira ikampanda Twyla mpaka masikio yakamwaka, na safari hii nusu yake ilikuwa juu yake mwenyewe. Alikuwa amemuuzia mtoto kitu asichokuwa nacho ghalani. Alimwambia hakuna atakayeligusa, na hali alishapewa onyo, akaliweka onyo kwenye droo kwa kiburi kwa sababu yeye ndiye mwenye haki. Kuwa na haki ni rahisi kama nguo zinazokunjwa si zako.

Akamshika Pruitt kiwiko, akamtoa nje kwenye ujia.

"Kanuni yako inasemaje kuhusu hapa tuliposimama?"

"Hapa?"

"Hapa. Ujia. Si chumba cha kulala, si jikoni. Soma."

Pruitt alisoma, midomo ikicheza. Alirudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena. "Nje ya vyumba vya kulala, chakula kiwe kwenye chombo chenye kifuniko. Kisikae sakafuni."

"Kifuniko kipo. Mbao ninazo ghala zima. Naweka rafu kando ya kila mlango, kimo cha mtoto, haina mlango wala kufuli. Wewe unaandika kwamba kosa limeondolewa mbele ya macho yako."

"Lazima nirudi kabla barabara haijaganda."

"Basi usisimame tu. Nishikie ubao."

Akamshikia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidi kumkasirisha Twyla, kwa sababu mtu mbaya ungejua pa kumshika. Pruitt alishika mbao kwa mikono miwili, kipimo chake cha ukaguzi kikitokeza mfukoni, na Twyla akagonga misumari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mpaka Delphine akapiga kelele kutoka chini, "Bosi, ukuta ni wa mchungaji, mwonee huruma!"

Rafu ya kwanza iliposimama, Twyla alimwita Maribeth. Hakumbembeleza. Alizungumza naye kama anavyozungumza na watu wa Pittsburgh.

"Nilikwambia hakuna atakayeligusa. Nilikosea kusema. Sasa nakupa hivi: kopo linakaa hapa, mkono wako unafika, usiku na mchana. Unataka nini zaidi?"

Maribeth aliitazama rafu. Akaingia chumbani, akajilaza kitandani, akaita kutoka humo, "Silioni."

Wakasogeza kitanda. Akajilaza tena. Sasa aliliona.

"Na alirudishe yeye aliyelichukua," alisema.

Pruitt akashuka jikoni, akapanda na kopo, safari hii amelikumbatia kifuani. Alipotaka kuliweka, msichana akanyoosha mikono. Akalipokea, akafungua kifuniko, akakagua kimoja kimoja, taratibu: biskuti, chupa, zabibu. Akaitikisa chupa. Akamtazama Pruitt usoni kwa muda mrefu mno, naye akasimama wima na soksi zake, anangoja. Ndipo Maribeth akafunika na kuliweka rafuni mwenyewe.

Sahihi ilitiwa juu ya meza ya jikoni, karibu na maharage. Mlangoni, akifunga viatu, Pruitt alisema kwa sauti ya chini, "Ningekuwa na uwezo, mama, tangu mwaka jana..."

"Uwezo ulikuwa nao," Twyla alisema. "Kanuni ya ujia ilikuwa kwenye karatasi hizo hizo. Hukuisoma, nami sikuuliza. Endesha polepole."

Cheti kipya sharti kitundikwe mahali ambapo mgeni anaweza kukiona. Twyla alikipigilia karibu na mlango wa mbele, nyuma ya makoti. Anayekitaka atasogeza makoti.

Kabla ya chakula cha jioni alipanda kuwaita. Nguo za Corrie zilikuwa zimerudi kwenye droo, na koti limerudi msumarini. Mfuko mweusi haukuwa umetupwa. Ulikuwa umekunjwa mraba, umewekwa chini ya mto wa Maribeth, pembe yake inachungulia. Twyla aliuona akauacha. Hakuwa na bei ya kumpa Maribeth ili auachie, si wiki hii.

Aliteremka na hasira yake mpaka jikoni, akaifungua friji wazi, akasimama mbele yake, mikono kiunoni, hachukui kitu, mpaka Delphine akamwambia afunge, umeme wanaulipia.