Tawi la Mwarobaini Mlangoni kwa Enet

Usiku kucha Gunaseeli alikaa kwenye benchi nje ya wodi, macho makavu, akisikiliza kila hatua iliyopita. Binti yake Dilhara, mshonaji wa kiwanda cha nguo, alikuwa ndani na homa ya dengi. Alfajiri muuguzi akatoka.

"Amevuka, mama. Ila asiumwe na mbu tena. Dengi ikirudi mara ya pili huwa kali zaidi."

"Nitampeleka kijijini."

"Mwenyewe kasema haendi. Anataka kazi yake na chumba chake."

Gunaseeli alimjua mwanawe; ukaidi ule aliurithi kwake. Basi kama mtoto hahami, watahama mbu. Maisha yake yote alikuwa muuza vibibi kando ya barabara huko kijijini kwao Monaragala, na kila alipomwona bwana afya akija na mkoba wake, alijikunyata nyuma ya jiko kama mwizi wa kuku. Asubuhi hiyo alimfuata mwenyewe bwana afya wa hapo mjini ofisini kwake, wala hakubanduka hapo mpaka alipomwona anavaa viatu.

Bwana afya huyo, Rohitha, alikuwa kijana mpole. "Nyumba ya wapangaji ya Enet, anakopanga binti yako? Nilienda juzijuzi, mama. Vyumba ni safi. Ua wa nyuma ndio sikuingia. Kuna mgonjwa wa tetekuwanga."

Walipofika, kweli juu ya mlango wa ua lilining'inia tawi la mwarobaini, ishara ya tetekuwanga, ugonjwa wa miungu. Mlango wenye tawi hilo mgeni haugusi. Enet, mwenye nyumba, alisimama mbele ya mlango huo, mikono kiunoni, na wasichana wa zamu ya usiku wakachungulia madirishani.

"Mpwa wangu kalala humo," alisema Enet. "Bwana afya, mama yako hakukufunza adabu?"

Rohitha akarudi nyuma. Gunaseeli hakurudi. Pua yake ilikuwa imeshanusa kitu.

"Dada Enet, jikoni unapika nini?"

"Samaki. Nikukaribishe?"

"Unamchemsha au unamkaanga?"

Mafuta jikoni yakajibu yenyewe, chwaa! Dirishani msichana mmoja akaangua kicheko. "Shangazi, leo umepatikana!"

Maana penye ugonjwa wa miungu hakikaangwi kitu mpaka mgonjwa apone, aogeshwe maji ya mwarobaini. Hata mtoto mdogo anajua.

"Haya, litoe tawi wewe!" Enet akafoka. "Mwanao bado yuko kitandani. Tuone kama miungu watamwacha!"

Neno hilo lilimchoma. Na kama mgonjwa yumo kweli? Kisha akavua kandambili, akaunganisha viganja kuomba radhi, akalishusha tawi polepole kama anayempokea mtoto mchanga, akaliweka juu ya ukuta.

"Miungu wanamjua anayewasingizia," alisema. "Ufunguo, dada."

Enet hakusogea. Gunaseeli akaketi kizingitini.

"Mimi kungoja nimezoea. Samaki wako ndiye hangoji."

Harufu ya kuungua ikatanda uani. Enet akasonya, akautupa ufunguo chini, akakimbilia jikoni.

Rohitha akausukuma mlango. Hapakuwa na kitanda wala mgonjwa. Palikuwa na tangi kuukuu la saruji, wazi, limejaa maji ya mvua yanayochezacheza kwa viluwiluwi, na wingu la mbu likawapanda usoni. Kumbe Enet alikuwa akikwepa faini.

"Uache mlango wazi, mwanangu," alisema Gunaseeli, akikunja mikono ya blauzi. "Ndoo iko wapi?"