Chumba cha Mpiga Pasi

Mpiga pasi alipata chumba chake cha kwanza akiwa mtu mzima mwenye mvi, na mtaa ukabashiri hatamaliza mwezi. Hali yake daktari aliiita usonji. Madobi wenzake walimwita Bwana Mstari, kwa jinsi alivyonyoosha suruali. Mwaka ukapita. Alipika, alilipa kodi, alilala bila kuulizwa na mtu kwa nini hapendi kelele. Waliobashiri wakameza maneno yao. Alitaka kuzeekea pale.

Kisha baba yake akapooza, na dada yake mkubwa akaja kumtembelea mpiga pasi chumbani kwake. Akatabasamu, akafunga dirisha, akaweka taulo juu ya jiko, akawasha. Mpiga pasi alimtazama tu, akidhani dada ana sababu zake. Moshi ulipojaa, dada akatoka uani akipiga mayowe.

"Jamani! Ataunguza nyumba huyu!"

Mpiga pasi akazima jiko. Mama mwenye nyumba akafika mbio, ndala mguu mmoja.

"Nani kawasha?"

"Dada."

"Unamsikia?" Dada akajifuta chozi ambalo halikuwepo. "Mama, wapangaji wako wakiungua, usiseme sikukwambia. Nitakuja kila siku kukukumbusha, tena kwa sauti."

Mama mwenye nyumba akamvuta mpangaji wake kando.

"Mwanangu, wewe uongo huujui. Nilikuuliza kama nimenenepa, ukanijibu mbele ya wageni."

"Ndiyo, mama. Na umeongezeka tena."

"Ndiyo maana nakuamini. Lakini dada yako hatachoka, na mimi nimeshachoka. Fungasha."

"Kama unaniamini, kwa nini niondoke?"

Mama akatazama mguu wake usio na ndala. "Fungasha tu, mwanangu."

Jioni alikuwa kwa dada, katika chumba cha nyuma. Baba alikuwa amelala kitandani, macho wazi, hasemi wala hageuki. Kando yake, sakafuni, kulikuwa na godoro jembamba.

"Lako hilo," dada akasema. "Baba ageuzwe mara kwa mara asipate vidonda. Uji mlishe polepole, asije akapaliwa. Dawa zake usizichanganye, akizidishiwa anakufa. Shuka ufue wewe. Mimi nina kazi na watoto. Utaweza peke yako?"

Mpiga pasi akalifikiria swali, kama alivyofikiria kila swali.

"Nitaweza."

"Nilijua," dada akasema, akaenda sebuleni kuwapigia simu mashangazi, wampongeze kwa kumchukua mdogo wake asiyejiweza.