Duka Nililolivunja Nijenge Baraza ya Mama

Mimi hakuna jambo la kunishangaza. Shule niliiachia darasa la nne, nikafyatua matofali kwa mikono hii, leo nina nyumba tatu Dunda na malori mawili yanayofika mpaka Mkange. Waliosoma wananipigia mimi hodi.

Basi halmashauri iliposema mtaa wetu unakuwa wa biashara, njia ipanuliwe, baraza zote za mbele zivunjwe, nilipiga makofi kuliko wote. Chumba cha mbele cha nyumba anayokaa mama nikakigeuza fremu ya duka, mpangaji akaingia wiki ile ile.

Kwenye baraza ya nyumba hiyo mama na shoga zake wawili walikuwa wakisuka ukili kila alasiri. Apitaye anasalimu, anaulizwa habari za mgonjwa wake. Ilipovunjwa nikamnunulia mama televisheni kubwa. Akaipa mgongo. Nikaleta makochi. Shoga zake wakaja mara moja, wakakaa ukingoni kama waliokuja kuposa, hawakurudi. Chakula akawa anakirudisha.

"Mama, unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nani kapita leo?"

"Nitajuaje, mama? Nilikuwa kazini."

"Na mimi sijui. Asiyejua nani kapita ana tofauti gani na aliyezikwa?"

Nikaenda halmashauri. Kijana wa mipango akanionyesha mchoro wa mstari unaopanda. "Mtaa wenu umekua, mzee. Mapato yako juu."

"Na mama yangu yuko wapi hapo?"

Akacheka. "Mama halipi ushuru, mzee."

Nusura nimzabe kibao. Uchumi gani huu unaonenepa huku mama yangu anakonda?

Ruhusa ya kujenga baraza njiani wakaninyima. Nikamtoa mpangaji, nikamrudishia kodi yake, nikavunja duka, nikajenga baraza humo humo ndani ya kiwanja changu.

Fundi akanicheka. "Bosi, wenzio wanavunja baraza waweke duka!"

"Koroga zege, wewe."

Saruji haijakauka sawasawa, mama kashatandika mkeka na wenzake wamefika. Mmoja akaniita, "Wewe tajiri, ndo unatupita hivyo hivyo?" Nikarudi, nikawaamkia. Wakaitikia marahaba wote watatu, na mama akaulizia wali.

Halmashauri haikuchangia hata mfuko wa saruji, na kwenye mchoro wao duka langu lililofungwa ni hasara. Matofali yalikuwa yangu. Mengine yote, pamoja na kodi ya mpangaji, yalinigharimu shilingi milioni mbili, laki nne na elfu thelathini na tano.